Namna ya kuunda timu ya dharura ya avenue mjini Goma

Saa ya kwanza ya maafa ni ya majirani. Protection Civile, idara ya serikali ya uokozi, ina watu wake, Croix-Rouge (Msalaba Mwekundu) ina vijana wake wa kujitolea, na OVG, kituo cha wataalamu wa volkano cha Goma, inauangalia mlima wa Nyiragongo tangu 1986. Lakini moto ukishika nyumba za mbao za avenue yenu, au volkano ikishuka, atakayefika wa kwanza ni yule anayekaa upande wa pili wa ua. Kazi yetu ni kuhakikisha anafika akijua la kufanya.

Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka bila onyo. Hesabu ya kwanza iliyotolewa na serikali ilikuwa watu 15 waliokufa: 9 katika ajali ya barabarani wakati wa kukimbia, 4 wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze, na 2 walioungua. Idadi ilipanda baadaye, lakini tazama mgawanyo huo wa mwanzo. UNICEF nayo ilisema watoto zaidi ya 150 walitengana na familia zao. Mlima ulianza, mbio zetu wenyewe zikaongezea. Watu walikuwa na moyo wa kusaidiana, ila hapakuwa na aliyejua nani afanye nini. Hilo avenue moja inaweza kulirekebisha kwa vitu ilivyonavyo tayari.

Hatua ya 1: Anzia kwa shefu

Kabla ya kumwita kijana hata mmoja, pita kwa mkubwa wa nyumba kumi, kisha shefu wa avenue, kisha ofisi ya kartie (mtaa wenye avenue nyingi). Usiruke hatua hii kwa sababu una haraka. Mji wetu umepita vita mara nyingi, na kundi la watu wenye filimbi na orodha za majirani linaweza kueleweka vibaya na mtu mwenye bunduki. Andika karatasi moja inayosema timu ni ya nini, wakubwa wake ni nani na inakutana wapi, ipigwe muhuri, na kila mkubwa wa kazi abaki na nakala. Kama mtapata vizibao, viwe vya rangi moja inayoonekana usiku, na visifanane kabisa na sare ya askari.

Pita pia kwa padri au mchungaji, kwa imamu, kwa mwalimu wa shule iliyo karibu, na kwa wakubwa wa motari, waendesha pikipiki za abiria, wa kituo chenu. Hao wana kengele, vipaza sauti, vyumba vikubwa na pikipiki. Kuviomba leo ni rahisi kuliko kuviomba saa nane za usiku.

Timu iwe ya avenue moja. Avenue ikiwa ndefu sana, igaweni mbili. Ukijaribu kupanga kartie nzima mara moja utaishia kwenye mikutano.

Hatua ya 2: Kila kazi iwe na majina mawili

Mpango wa kazi unaotumiwa na vikosi vya dharura sehemu nyingi za dunia ulizaliwa California, Marekani, baada ya mioto mikubwa ya misitu ya mwaka 1970. Vikosi vya zimamoto vilitoka kila upande, kila kimoja na mkubwa wake na maneno yake, vikashindwa kuelewana. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Waliokaa chini kutafuta dawa walitoka na kanuni chache ambazo hata avenue ya Katoyi au Majengo inaweza kuzifuata: kila mtu ana mkubwa mmoja tu, mkubwa mmoja anaongoza watu 3 hadi 7, na 5 ndiyo idadi nzuri, wote wanaita kitu kimoja kwa jina moja, timu inakua tukio likiwa kubwa na inapungua likiwa dogo.

Juu yuko mkuu wa tukio. Chini yake weka wakubwa wa kazi wanne: wa uokozi na moto, wa majeruhi, wa kuhamisha watu, na wa vitu na daftari. Pembeni yake kuna mtu mmoja wa usalama. Hao ni watano wanaomsikiliza mkuu moja kwa moja, na kila mkubwa wa kazi ana watu wake wasiozidi saba.

Sasa jambo ambalo timu nyingi hulisahau. Mchana, nusu ya wanaume wa avenue wako mjini, sokoni, bandarini au barabarani na chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma kwa mkono. Ukipanga timu Jumapili jioni watu wote wakiwa nyumbani, umepanga timu ya Jumapili jioni. Kwa hiyo kila kazi iandikiwe majina mawili: la mchana na la usiku. Utagundua haraka kwamba timu ya mchana ni ya akina mama na wanafunzi, na mafunzo lazima yawafikie wao kwanza.

Kumchagua mkuu wa tukio, usimtazame mwenye sauti kubwa. Mtazame anayeaminiwa pesa za likelemba (mchango wa kupokezana), anayejua kusema hapana bila kugombana, na ambaye watu hunyamaza akiongea. Kwenye avenue nyingi huyo ni mama. Kazi yake siku ya tukio ni kusimama mahali pamoja panapojulikana, kusikiliza, kuamua na kutuma watu. Habebi maji. Mkuu akishika ndoo, timu imebaki bila mkuu.

Mtu wa usalama ana ruhusa moja ambayo hakuna mwingine anayo: anaweza kusimamisha kazi yoyote papo hapo bila kuomba. Mpe mtu asiyeogopa kuchukiwa. Mwaka 2002 lava ilipopita katikati ya Goma, watu walikufa kwa makumi kwenye kituo cha mafuta kilicholipuka wakati wakichota mafuta. Mwaka 2021, siku mbili baada ya mlipuko, wengine walikufa kwa gesi wakivuka lava iliyokuwa haijapoa. Wote hao walihitaji mtu mmoja wa kusema «acheni, tokeni hapo» na kusikilizwa.

Huyo ndiye pia anayepaswa kujua mazuku, mahali penye gesi ya kuua, kuliko wote. Upande wa Lac Vert, Keshero, Himbi na Mugunga, gesi ya kaboni dioksaidi hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hulala mabondeni na kwenye mashimo, hasa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Haionekani. Mtoto akianguka ndani, baba anashuka kumtoa, naye anaanguka, jirani anamfuata. Amri iwe moja na isiwe na mjadala: hakuna anayeshuka. Anayeweza kuvutwa kwa kamba au fimbo ndefu kutoka juu avutwe, na wengine wote wakae upande wa juu, upepo ukiwa mgongoni mwao.

Hatua ya 3: Daftari la watu

Mkubwa wa daftari apite nyumba kwa nyumba pamoja na mkubwa wa nyumba kumi. Mstari mmoja wa daftari zuri unasomeka hivi:

«Nyumba ya 7, geti la bluu. Watu 9. Bibi haoni, analala chumba cha nyuma. Mtoto wa miezi 4. Mchana wako watatu tu. Ufunguo wa pili uko kwa mama anayeuza makala (mkaa) mbele ya nyumba ya 5.»

Mstari huo unampa mwokoaji yote: wangapi wa kutafuta, nani hawezi kutoka peke yake, yuko chumba gani, mlango unafunguliwaje. Mbele ya kila mtu asiyeweza kutembea, mzee, mgonjwa au mjamzito aliye karibu kujifungua, andika majina ya majirani wawili watakaomtoa. Waambie majirani hao uso kwa uso, na mwambie pia yeye mwenyewe ni nani watakuja.

Usiandike kabila. Usiandike mtu ametoka kijiji gani, anasali wapi, wala anamuunga mkono nani. Orodha ya watu ni kitu cha hatari katika mji wetu, na daftari lisilo na mambo hayo halitamdhuru mtu hata likianguka mikononi mwa mwingine. Liwe moja, likae kwa mtu mmoja, nakala kwa mkuu wa tukio. Lisipigwe picha na kutumwa WhatsApp.

Kwa watoto, fanya zaidi. Kila mzazi ashone au abandike ndani ya nguo ya mtoto mdogo kipande cha kitambaa chenye jina la mtoto, jina la mzazi, avenue na namba mbili za simu, moja ikiwa ya ndugu anayekaa nje ya Goma. Mkifika kambini au ng'ambo ya mpaka, mtoto aliyepotea apelekwe kwa Croix-Rouge au kwa wanaoshughulika na kuunganisha familia. Asikabidhiwe kwa mtu yeyote anayesema tu «ninamjua».

Hatua ya 4: Daftari la vitu

Watu husema avenue yetu haina vifaa. Pita na kalamu uone. Kuna bidoni, mabeleshi, mitalimbo, kamba, nyundo, misumeno, bashi (maturubai), torchi, paneli za sola zinazoweza kuchaji simu, milango ya zamani inayofaa kuwa machela, blanketi. Kuna fundi mbao, fundi umeme, muuguzi aliyestaafu, kijana aliyefunzwa na Croix-Rouge.

Na kuna chukudu. Chombo hiki cha mbao kinabeba mamia ya kilo, hakihitaji mafuta, hakihitaji barabara ya lami, na mwenye chukudu anajua kila jiwe la mji. Lakini chukudu bila mwenyewe ni mbao tu, kama vile pikipiki bila motari wake na bila mafuta haihesabiwi. Andika kila kitu pamoja na mtu wake, uwezo wake na mahali kinapolala: «Chukudu kubwa, inabeba magunia matatu ya makala, mwenyewe nyumba ya 12, hurudi saa kumi na mbili jioni.»

Siku ya tukio, kila kitu na kila kundi liwe na hali moja kati ya tatu: kiko tayari, kiko kazini, hakifanyi kazi. Mtu wa daftari anabadilisha neno hilo kila kitu kinapotumwa au kurudi. Ni kazi ndogo, nayo inamzuia mkuu kutuma mara ya pili pikipiki iliyokwisha mafuta tangu saa moja iliyopita.

Vitu huunganishwa kwa namna mbili. Kundi la aina moja: chukudu tano chini ya mkubwa mmoja, zote zinabeba maji. Kundi mchanganyiko: chukudu moja, wabeba machela wawili, mtu wa huduma ya kwanza na mwenye simu, wanatumwa pamoja upande ulioanguka nyumba. La kwanza linafaa kazi kubwa inayojirudia. La pili linafaa mahali ambapo hujui utakuta nini.

Kuhusu pesa: mchango uwe mdogo na wa hiari, ushikwe na watu wawili, matumizi yasomwe mbele ya watu. Ununuzi wa kwanza uwe glavu, betri, filimbi, dawa ya klorini na unite za simu (salio). Megafoni inaweza kusubiri.

Hatua ya 5: Ishara na njia

OVG hutumia rangi nne kueleza hali ya volkano: kijani ni hali ya kawaida, njano ni kuwa macho, chungwa ni kujitayarisha, nyekundu ni hatari. Rangi ya siku ijulikane na kila mtu wa timu. Mwaka 2021 mlipuko ulitangulia onyo, kwa hiyo kijani kisiwafanye mlale usingizi mzito.

Mkubaliane filimbi. Tunachopendekeza: tatu fupi zikirudiwa, timu ikutane, moja ndefu, acha ulichoshika na toka hapo. Hiyo ndefu ni ya mtu wa usalama peke yake.

Chagueni mahali pawili pa kukutania, pamoja ndani ya avenue na pengine mbali, na kila familia ijue njia mbili za kutoka. Sababu iko kwenye historia. Mwaka 2002 lava iliukata mji mpaka ziwani. Aliyekuwa upande mmoja hakuweza kwenda mwingine. Mwaka 2021 ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Njia ya Sake na njia ya Gisenyi zote ziwe kwenye mpango, na uamuzi wa ipi itumike ufuate tangazo. Tarehe 27 Mei 2021, gavana alipoamuru kartie 10 kati ya 18 za Goma zihame, mamia ya maelfu walimiminika barabarani kwa siku moja. Katika hali hiyo wanaotembea kwa miguu na watoto watembee kwa makundi ya nyumba kumi, mtu wa timu mbele na mwingine nyuma, na yule wa nyuma hapitwi na mtu wa kundi lake.

Simu zikikatika, ujumbe unaandikwa kwenye karatasi na kupelekwa na motari au kijana mwenye mbio. Uwe na saa, mahali, kilichotokea, watu wangapi, mnachohitaji: «Saa 2:40 usiku. Nyumba ya 16. Ukuta umeanguka. Wawili ndani, mmoja anaongea. Tunataka mtalimbo, kamba, watu wanne.» Ukiandika «njooni haraka hali ni mbaya», mkuu hatajua atume nini.

Hatua ya 6: Tukio lenyewe

Mtu wa kwanza wa timu kufika ndiye mkuu wa tukio mpaka mkuu aliyepangwa afike. Anamkabidhi kwa maneno, watu wakisikia: nini kimetokea, nani yuko wapi, nini kinaweza kuongezeka. Kila anayekuja kusaidia, hata asiye wa timu, anapita kwanza kwa mtu wa daftari, anaandikwa na anapewa mkubwa. Mwenye kufika na kuingia moja kwa moja ndani ya moshi ndiye tutakayemtafuta baadaye bila kujua kwamba tunamtafuta. Kazi zote za hatari hufanywa wawili wawili.

Moto kwenye nyumba za mbao hukimbia kwa kurukia ukuta wa jirani. Kata umeme kwanza. Usimwage maji kwenye nyaya wala kwenye mafuta yanayowaka. Panga mistari miwili ya watu, mmoja unapeleka ndoo zilizojaa, mwingine unarudisha tupu. Kundi jingine libomoe ua au kibanda kilicho kati ya moto na nyumba inayofuata. Ruhusa ya kubomoa iombwe mapema, wakati wa kupita na daftari, kwa sababu hakuna mwenye nyumba anayekubali usiku ule.

Kwa majeruhi, mkubwa wao aseme kwa sauti: «Anayeweza kutembea aje hapa.» Wanaokuja wamejionyesha wenyewe kwamba wanaweza kusubiri kidogo. Sasa nenda kwa waliobaki, na anza na walio kimya. Anayepiga kelele anapumua; aliyenyamaza huenda hapumui. Fungua njia ya hewa, kisha zuia damu kwa kukandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia, kisha mfunike asipate baridi. Aliyeanguka kutoka juu au kuangukiwa na ukuta asikunjwe wala kubebwa mgongoni. Alazwe kwenye mlango au ubao, kichwa na shingo vikiwa vimeshikwa.

Croix-Rouge au Protection Civile wakifika, mkuu wenu awape maelezo kwa dakika mbili, awaonyeshe daftari, na aulize: «Mnataka tufanye nini?» Kuanzia hapo mko chini yao. Nimeona watu wakigombania heshima mbele ya mtu aliyelala chini, na inauma sana.

Hatua ya 7: Siku zinazofuata

Baada ya mlipuko wa 2021 watu karibu 500,000 walikosa maji safi kwa sababu mitambo ya maji iliharibika. Na Goma haijasahau Julai 1994, kipindupindu kilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi. Kwa hiyo timu isivunjike moto ukizimika. Kundi la uokozi ligeuke kundi la maji.

Kiwango kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Avenue ya watu 400 inahitaji lita 6,000, yaani bidoni 300 za lita 20, kila siku. Ukiandika hesabu hiyo kwenye karatasi na kuipeleka ofisi ya kartie, unasikilizwa kuliko ukisema watu wana kiu. Maji ya ziwa yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa, yakae nusu saa kabla ya kunywewa. Mtu akianza kuharisha maji maji, apewe mara moja lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo bila kukoma, huku akipelekwa kituo cha afya.

Chagueni pia mtu mmoja wa habari. Kila asubuhi na jioni, saa ileile, asome mbele ya watu kinachojulikana na kilichotoka wapi. Uvumi hupenda ukimya.

Hatua ya 8: Mazoezi

Siku ya salongo, ile ya usafi wa pamoja, inatosha. Baada ya kufagia, nusu saa tu. Mkuu atoe hali moja: moto nyumba ya 9, saa nne asubuhi, motari wote wako kazini. Badilisha kila mara, na wakati mwingine mwondoe mkuu mwenyewe («mama yuko Bukavu leo») uone kama msaidizi anajua kazi. Mkimaliza, kaeni chini muulizane nini kilipangwa, nini kilitokea, kwa nini havikulingana. Jina la aliyekosea lisitajwe; kifaa kilichokosekana kitajwe.

Wapangaji wa Goma huhama sana, na wakimbizi hupokewa na ndugu bila kutangaza. Pita tena na daftari kila miezi mitatu, piga zile namba za simu kuona kama zinaingia, na daftari la zamani lichomwe mbele ya shefu wa avenue.